Tycho Brahe, Mpimaji wa Nyota

Usiku mmoja wa Novemba stima zilipotea hapa shuleni tukiwa kwa masomo ya jioni. Tulipotoka nje, mwalimu wetu wa fizikia alituonyesha nyota tano upande wa kaskazini, zimepangika kama herufi M. Kundi hilo huitwa Kassiopeia, na ndilo lililompa sifa Tycho Brahe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari zake.

Tycho alizaliwa Denmark tarehe 14 Desemba 1546. Ami yake alimchukua akiwa mtoto mdogo, bila ruhusa ya wazazi, akamlea. Alipelekwa Leipzig kusomea sheria, lakini wapi! Msimamizi wake akilala, kijana alikuwa nje na nyota zake. Mwaka wa 1563 sayari za Mshtarii na Zohali zilikaribiana sana, naye akaona majedwali ya wataalamu yamekosea kwa siku kadhaa, mengine karibu mwezi mzima. Basi akaamua kupima mwenyewe.

Nisisahau pua. Mwaka wa 1566 alipigana kwa upanga na mwenzake akakatwa sehemu ya pua, ikabidi avae ya madini. Eti ilikuwa ya fedha! Mifupa yake ilipochunguzwa katika karne hii, zilipatikana alama za shaba na zinki.

Tarehe 11 Novemba 1572 aliona nyota ngeni katika Kassiopeia. Iling'aa kama Zuhura, hata mchana ilionekana. Wakati huo wasomi walishikilia kwamba mbingu za nyota hazibadiliki kamwe. Kitu kigeni lazima kiwe chini ya mwezi. Tycho alipima umbali wake kutoka nyota jirani, usiku baada ya usiku. Haikusogea hata kidogo, kwa hivyo ilikuwa mbali kupita mwezi. Mwangaza nao aliulinganisha: kwanza na Zuhura, halafu Mshtarii, kisha nyota hafifu, mpaka ikatoweka mwaka wa 1574.

Mfalme Frederick wa Pili alimpa kisiwa cha Hven mwaka wa 1576. Hapo alipima nyota kwa miaka ishirini hivi, mara nyingine akisaidiwa na dada yake Sophie. Darubini haikuwapo. Alitumia macho na vipimapembe vikubwa ajabu, na mara nyingi kosa lake halikuzidi sana sehemu moja ya sitini ya digrii. Si mchezo!

Aligombana na mfalme aliyefuata, akahamia Prague, akamwajiri Johannes Kepler. Takwimu zake alimgawia kwa uchoyo, kidogo kidogo. Tycho aliamini dunia imetulia tuli na jua ndilo linaloizunguka. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1601, na Kepler akabaki na takwimu za Mirihi. Hesabu yake ikakataa kulingana nazo kwa sehemu nane tu za sitini za digrii. Mimi ningeziacha! Kepler alijua Tycho hakosei kiasi hicho, akaifuta kazi yake na kuanza upya. Mwaka wa 1609 alitangaza kwamba Mirihi huzunguka jua kwa njia ya duaradufu, na dunia nayo ni sayari inayolizunguka.