Svante Arrhenius: Msomi aliyefungua daftari la joto la dunia

ANAYEVUSHA mahindi Mutukula au vitunguu Namanga hawezi kupanga safari ya wiki ijayo bila kuangalia daftari la wiki iliyopita. Hata awe hodari wa hesabu za kichwani, asipoandika alichonunua, alichouza na alicholipa njiani, makadirio yake yatakwenda kombo.

Jambo la namna hiyo lilimpata mmoja wa wanasayansi wakubwa wa Uswidi, Svante Arrhenius. Huyu ndiye mtu wa kwanza kukokotoa kwa tarakimu dunia ingepata joto kiasi gani endapo hewa ukaa, inayotoka kwenye kila kinachochomwa kuanzia kuni hadi dizeli, ingeongezeka angani. Hesabu yake ya mwaka 1896 bado inaheshimiwa. Aliteleza kwenye muda: alidhani ongezeko kubwa lingechukua maelfu ya miaka, kwa sababu alichukua kiwango cha uchomaji wa siku zake akaona kama kitabaki hapo hapo.

Leo, nchi zinapojadiliana nani apunguze nini, maisha ya Arrhenius yanaonyesha kwa nini takwimu za gesijoto zinapaswa kuandikwa kila mwaka, na kuwekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma.

Hesabu za baba

Arrhenius alizaliwa Februari 19, 1859, katika eneo la Vik karibu na mji wa Uppsala. Mwaka huo huo, huko London, mwanafizikia John Tyndall alianza majaribio yaliyoonyesha kwamba hewa ukaa na mvuke wa maji huzuia joto lisipotee angani, ilhali oksijeni na naitrojeni huliachia lipite.

Baba yake alikuwa mpima ardhi na msimamizi wa mashamba ya Chuo Kikuu cha Uppsala. Inasimuliwa kuwa mtoto alijifunza kusoma akiwa na miaka mitatu, na kwamba kujumlisha alikujua kwa kumtazama baba yake akiandika kwenye vitabu vya hesabu. Alipoanza shule, hesabu na fizikia hazikumsumbua.

Mambo yalibadilika chuoni. Kwa kutoridhishwa na mafundisho ya Uppsala, mwaka 1881 alihamia Stockholm kufanya utafiti juu ya namna umeme unavyopita kwenye maji yenye chumvi. Mwaka 1884 alirudi Uppsala na tasnifu ya shahada ya udaktari yenye kurasa 150. Wasahihishaji hawakuikubali nadharia yake. Walimpa daraja la chini kiasi kwamba mlango wa kufundisha chuoni ulikuwa karibu ufungwe.

Hakuiacha kazi hiyo kabatini. Alituma nakala kwa wanasayansi wa nchi nyingine ili waisome na kuipima wenyewe. Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, mji ambao leo ni makao makuu ya Latvia, alivutiwa hadi akasafiri kwenda Uswidi kumwona kijana huyo na kumpa kazi. Kwa msaada wa fedha za masomo, Arrhenius alizunguka vyuo vya Ulaya kwa miaka kadhaa, akifanya kazi Riga, Würzburg, Graz na Amsterdam. Nadharia iliyopewa daraja la chini nyumbani ilimletea Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1903. Alikuwa Mswidi wa kwanza kuipata.

Takwimu za mwezi

Mwaka 1894 Arrhenius alikuwa mwalimu mjini Stockholm. Wasomi wa jiologia walikuwa wakibishana juu ya zama za barafu: kwa nini sehemu kubwa ya Ulaya iliwahi kufunikwa na barafu, kisha barafu ikayeyuka? Arrhenius alishuku kwamba kiasi cha hewa ukaa angani kilikuwa kimepungua na kuongezeka. Ili kulithibitisha hilo alihitaji kujua hewa inazuia joto kiasi gani, na hakuwa na vifaa vya kupima.

Vipimo vilikuwa tayari Marekani. Samuel Langley, mtaalamu wa nyota katika kituo cha Allegheny, Pennsylvania, alikuwa amepima joto linalofika duniani kutoka mwezini. Shabaha yake ilikuwa kujua halijoto ya mwezi, na tarakimu zake alizichapisha ili wengine wazione. Arrhenius aliona humo jambo jingine. Mwezi ukiwa juu utosini, miali yake hupita kwenye hewa kidogo. Ukiwa chini karibu na upeo wa macho, hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Kwa kulinganisha vipimo hivyo viwili, angeweza kujua hewa ukaa na mvuke vimemeza joto kiasi gani njiani.

Mkesha wa Krismasi mwaka 1894 alianza kazi. Kwa takriban mwaka mzima alikokotoa kwa kalamu na karatasi, akiigawa dunia katika mikanda ya latitudo na kuhesabu halijoto ya kila mkanda kwa kila majira, kwa viwango tofauti vya hewa ukaa. Katika kipindi hicho ndoa yake na Sofia Rudbeck, aliyekuwa mwanafunzi wake, ilikuwa inavunjika. Mtoto wao wa kiume alizaliwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata wazazi walitalikiana.

Matokeo yalichapishwa Aprili 1896. Hewa ukaa ikiongezeka mara mbili, alisema, dunia itapata joto la nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi zaidi. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria nyuzi 3 hivi. Arrhenius alikuwa juu, lakini kwa mtu aliyetumia kalamu na vipimo vya mwezi vya mtu mwingine, hakuwa mbali.

Makaa ya mawe yalivyopanda

Mahesabu ya joto yalikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kujua hewa ukaa hiyo inatoka wapi na kwa kasi gani. Hapo alimtegemea mwenzake wa Stockholm, mwanajiolojia Arvid Högbom, aliyekuwa ameorodhesha vyanzo na mapokeo ya hewa ukaa kama mtu anavyopanga mapato na matumizi: volkeno zinatoa, miamba inayomomonyoka inapokea, bahari inapokea, mimea inapokea na kutoa.

Katika orodha hiyo Högbom aliweka pia viwanda. Alichukua makaa ya mawe yaliyochomwa duniani kwa mwaka, tani milioni 500 hivi, na kukokotoa hewa ukaa iliyotoka humo. Ilikuwa sawa na sehemu 1 kati ya 1,000 ya hewa ukaa iliyokuwamo angani. Hiyo ni miongoni mwa hesabu za mwanzo kabisa za gesijoto inayozalishwa na binadamu, na ilifanywa kwa takwimu za kawaida za biashara ya makaa ya mawe.

Kwa kiwango hicho, na kwa kuwa bahari ingemeza sehemu kubwa, Arrhenius aliona mabadiliko yangechukua maelfu ya miaka. Kisha takwimu mpya zikatoka. Katika kitabu kilichosomwa sana Ulaya na Marekani, alieleza kwamba uchomaji wa makaa ya mawe ulikuwa umefikia tani milioni 900 kufikia mwaka 1904. Kwa muda wa miaka kumi hivi, tani milioni 400 zilikuwa zimeongezeka. Akabadili makadirio yake: badala ya maelfu ya miaka, sasa alizungumzia karne chache.

Hata hilo lilikuwa pungufu. Mizani haikusimama mwaka 1904. Leo dunia inachoma zaidi ya tani bilioni 8 za makaa ya mawe kwa mwaka, na juu yake kuna mafuta na gesi. Ni sawa na mnunuzi anayekubaliana bei ya gunia la kawaida, kisha kila msimu gunia linarudi likiwa rumbesa kubwa zaidi. Asiyepima upya kila mara hawezi kujua amebeba nini.

Alichokiona na asichokiona

Arrhenius hakuogopa joto hilo. Akiwa mtu wa nchi ya baridi kali, aliamini kwamba hewa yenye joto zaidi ingeleta mavuno mengi na maisha mepesi kwa vizazi vijavyo. Faida aliyoiona ilikuwa ya upande mmoja wa dunia. Mkulima wa ukanda wa tropiki, ambako joto halina upungufu, hakuwamo katika furaha hiyo.

Kuna doa jingine ambalo wasifu wake hauwezi kuliruka. Arrhenius alikuwa kwenye bodi ya chama cha Uswidi kilichohubiri kile kilichoitwa usafi wa kizazi, na baadaye kwenye bodi ya taasisi ya serikali ya biolojia ya rangi za watu, iliyoanzishwa Uppsala mwaka 1922. Mawazo hayo yaliwagawa watu kwa damu na asili, na yalileta madhara makubwa. Umakini wake wa tarakimu haukumzuia kukaa kwenye bodi hizo.

Katika sayansi ya hewa nako alipata upinzani. Mwaka 1900 Knut Ångström, Mswidi mwenzake, alitangaza majaribio yaliyoonekana kuthibitisha kwamba hewa ukaa zaidi isingeongeza joto lolote la maana. Wataalamu wengi walimwamini Ångström, na suala hilo likawekwa kando. Arrhenius aliongoza taasisi ya Nobel ya kemia ya fizikia tangu mwaka 1905, akaoa tena mwaka huo huo, akaendelea na tafiti nyingine hadi kifo chake Oktoba 2, 1927. Alizikwa Uppsala.

Daftari lilifunguliwa tena mwaka 1938. Mhandisi wa mvuke wa Uingereza, Guy Callendar, alikusanya rekodi zilizochapishwa za vituo vya hali ya hewa takriban 150 na kuonyesha kwamba dunia ilikuwa tayari inapata joto. Mwaka 1958 Mmarekani Charles Keeling alianza kupima hewa ukaa katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Kipimo cha kwanza kilikuwa sehemu 313 katika kila sehemu milioni za hewa. Vipimo hivyo vinaendelea hadi leo, viko wazi kwa yeyote, na vimepita 420.

Daftari la nchi jirani

Hewa haipiti forodha. Moshi uliotoka Pittsburgh au Manchester zama za Arrhenius ulichanganyika na hewa ya Bukoba na Bujumbura. Bara zima la Afrika linachangia chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, lakini athari hazigawanywi kwa kipimo hicho. Kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo hushuka kama mvua kubwa. Wanaotumia barabara ya Bujumbura hadi Uvira hawajasahau maji yaliyofunika Gatumba mwaka 2024.

Chini ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, nchi zinatakiwa kuandika hesabu zao za gesijoto na kuzitangaza. Umoja wa Mataifa huziweka wazi. Zipo pia hesabu huru zinazokokotolewa kwa takwimu za nishati na picha za setilaiti, ambazo mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuzilinganisha na za serikali yake. Katika Mlima Kenya kuna kituo cha kupima hewa kilicho katika mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Faida ya hesabu hizo ni kujua pa kuanzia. Nchini Kenya umeme mwingi unatokana na jotoardhi, maji na upepo, na sehemu kubwa ya gesijoto inatoka kwenye kilimo na mifugo. Anayekwenda kubana mitambo ya umeme kwanza atakuwa ameshika mahali pasipo na mzigo. Katika usafirishaji, hesabu iko mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Kila lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa kuwa kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Lori linalotumia lita 400 kwa safari limetoa zaidi ya tani 1.

Njia ni ile ile ya Högbom: chukua kiasi cha mafuta yaliyochomwa, kokotoa kilichotoka, andika, kisha rudia mwaka unaofuata. Vyama vya wasafirishaji vikiweka rekodi za lita zinazotumika, pamoja na zile zinazoungua malori yakiwa kwenye foleni za mpakani, vitakuwa na tarakimu za kuweka mezani pale serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapojadili tozo za mafuta au fedha za kupanua vituo vya huduma za pamoja mpakani. Bila rekodi hizo, watatumia makadirio ya mtu mwingine, pengine ya mwaka ambao umeshapitwa.