Vítězslava Kaprálová, Mtunzi Asiyekuwa Daftarini

Sisi tunaosoma Muziki, daftari zetu zimejaa majina ya watunzi wa Ulaya. Kutoka nchi ya Wacheki tunao Smetana na Dvořák. Siku moja niliinua mkono nikauliza, je, wanawake wa huko hawakutunga? Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, aliniambia nimtafutie mmoja. Basi nimempata.

Vítězslava Kaprálová alizaliwa mjini Brno tarehe 24 Januari, 1915. Baba yake, Václav Kaprál, alikuwa mtunzi na mama yake mwimbaji. Binti akaanza kutunga akiwa na miaka tisa tu! Katika chuo cha muziki cha Brno alisomea mambo mawili: kutunga na kuongoza okestra. Hilo la pili ndilo lililonishika. Hata katika kwaya yetu wasichana ndio wengi, lakini anayesimama mbele na kupunga mikono ni mvulana, kila mwaka.

Mwaka 1935 alikwenda Prague kuendelea na masomo. Huko alitunga Simfonieta ya Kijeshi, na tarehe 26 Novemba, 1937 ikapigwa na okestra kubwa kabisa ya nchi yao, Filamoniki ya Ucheki. Nani aliyeongoza? Yeye mwenyewe, akiwa na miaka 22. Juni 1938 akaiongoza tena London, safari hii mbele ya okestra ya BBC. Si mchezo, jamani.

Wakati huo alikuwa akisoma Paris, kwa Mcheki mwenzake Bohuslav Martinů. Machi 1939 majeshi ya Hitler yakaikalia nchi yake, akawa hana pa kurudi. Maisha ya ugenini yalikuwa ya taabu lakini kalamu hakuiweka chini. Aprili 1940 aliolewa na mwandishi Jiří Mucha. Hata hawakukaa, ugonjwa ukamshika, akapelekwa kusini mjini Montpellier. Tarehe 14 Juni Wajerumani waliingia Paris. Tarehe 16 Kaprálová akafariki, mwenye miaka 25, ameacha tungo zipatazo hamsini.

Baadaye jina lake likafifia. Kinachoniudhi ni kwamba waliomkumbuka, wengi walipenda kusimulia habari za mapenzi yake na Martinů, ati muziki wenyewe ukawa jambo la kando. Mwaka 1998 watu wa Toronto, Kanada, walianzisha chama chenye jina lake, na tungo zake zikazidi kuchapishwa na kurekodiwa.

Mwalimu alitusikilizisha ile Simfonieta. Tarumbeta zilipolia, hakuna aliyecheka. Kisha nikaitwa ubaoni kuandika jina lake, na alama zake zote, wenzangu wakanakili chini ya Dvořák.

Kiongozi mpya wa kwaya atachaguliwa muhula ujao. Nimeshajiandikisha.