Dian Fossey na woga wa gorila

Wanafunzi wenzangu, mama huyu alizaliwa Marekani mwaka 1932. Kwanza alihudumia watoto walemavu hospitalini. Janvier 1967 alipanda Kabara, mlima Mikeno, hapa kwetu Kivu ya Kaskazini. Gorila walikimbia, sababu wawindaji waliwafundisha kuogopa mtu. Hakuwafuata mbio. Alikaa chini, akatafuna majani, akajikuna kama wao, siku kwa siku. Walipomwona mara nyingi bila kuumizwa, woga ukapungua. Ni vile hata mtu mwenye kuogopa mbwa anavyozoea pole pole. Mwaka ule ule askari walimshusha, akaenda Rwanda. Mwaka 1970 dume Peanuts akamgusa mkono. Lakini kuzoea watu wote ni hatari: Digit, kipenzi chake, aliuawa na majangili 1977. Yeye mwenyewe aliuawa Karisoke, desemba 1985.