Harvey Cushing, daktari aliyefuata ugonjwa mmoja kwa zaidi ya miaka 20

Mwezi wa Disemba 1910, mwanamke wa miaka 23 alipokelewa na daktari mpasuaji Harvey Cushing katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Uso ulikuwa umevimba, tumbo kubwa, lakini mikono na miguu imebaki myembamba. Nywele zilimwota mwilini kupita kiasi, na hedhi ilikuwa imekatika tangu ujana wake.

Cushing, aliyezaliwa Cleveland tarehe 8 Aprili 1869, alieleza hali ya mgonjwa huyo katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu hipofizi, tezi ndogo kama haragi iliyo chini ya ubongo. Alishuku kwamba shida ilitoka hapo, ila hakuwa na uthibitisho.

Mwaka huo alihamia Boston, kisha vita vya kwanza vya dunia vikampeleka Ufaransa kutibu majeruhi wa kichwa. Alirudi na miguu dhaifu. Katika maisha yake alifanya upasuaji wa vivimbe vya ubongo zaidi ya 2000. Alikuwa mkali kwa wasaidizi wake, na mvutaji mkubwa wa sigara.

Mwaka 1932 ndipo alipochapisha habari za wagonjwa 12 wenye dalili zile zile. Tansio ilipanda, mifupa ikalainika hadi kuvunjika ovyo, misuli ikaisha nguvu, ngozi ikawa nyepesi na kushambuliwa na vijidudu kwa urahisi. Kwake yeye, chanzo kilikuwa uvimbe mdogo wa hipofizi. Madaktari wengine walibisha, wakitaja tezi zilizo juu ya figo. Kusema kweli, kila upande ulikuwa na ukweli wake: hipofizi yenye uvimbe huziamuru tezi hizo zitoe kotizoli kupita kiasi, na homoni hiyo ndiyo inayoharibu mwili polepole, hata kuleta ugonjwa wa sukari na huzuni nzito. Lakini mwaka 1932 kotizoli ilikuwa bado haijajulikana.

Leo uvimbe huo hutolewa kupitia puani, njia ambayo Cushing mwenyewe aliitumia miaka mingi kisha akaiacha. Ugonjwa ukichelewa kugunduliwa, tansio na udhaifu wa mifupa vinaweza kubaki hata baada ya upasuaji.

Cushing alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 7 Oktoba 1939 huko New Haven, akiwa na miaka 70. Mwanamke yule aliyempokea Baltimore alikuwa bado hai.