Hans Peter Luhn, Mzee wa Ndoo

Bonyeza *#06# kwenye simu yako. Itatokea namba ya tarakimu 15. Ile ya mwisho haikuwekwa hovyo: inakokotolewa kutoka zile 14 za mbele, ili mtu akikosea tarakimu moja, kompyuta ishtuke. Hesabu hiyo ni ya Hans Peter Luhn, na kadi za benki nazo zinaitumia. Ila deni letu kubwa kwake ni jingine.

Luhn alizaliwa Barmen, Ujerumani, mwaka 1896, mtoto wa mchapaji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaingia kwenye mambo ya nguo, na mwaka 1924 akahamia Marekani. Hakuanzia kwenye kompyuta kabisa. Alibuni kipimo cha kuhesabu nyuzi za kitambaa. IBM ilimchukua mwaka 1941, umri ukiwa umeshapita miaka 40.

Januari 1953 aliandika waraka wa ndani wa kampuni kuhusu kupanga taarifa kwenye ndoo. Tatizo tunalijua: una orodha ya watu 1,000, unamtafuta mmoja, unapekua mstari kwa mstari. Kwa wastani utapitia kama 500 ndipo umpate. Wazo la Luhn ni kwamba namba yenyewe ikuonyeshe ilipo. Tuseme namba yako ya usajili ni 2741. Jumlisha 27 na 41, unapata 68. Jina lako liende ndoo ya 68. Kesho ukitafutwa, hesabu inarudiwa, mtu anakwenda ndoo ya 68 moja kwa moja. Wawili wakiangukia ndoo moja, inapekuliwa hiyo tu, basi.

Waliomfuata wakasogea mbele. Leo zipo programu unazozipa orodha isiyobadilika, mfano maneno maalumu ya lugha ya C, nazo zinakutengenezea funksheni inayolipa kila neno ndoo yake, bila kugongana.

Luhn alifariki mwaka 1964, akiwa na hataza zaidi ya 80. Sisi huku, programu ya mradi ikianza kujikokota data zikiongezeka, wa kwanza kulaumiwa ni laptopu. Mzee yule alikuwa na mashine dhaifu kuliko simu iliyo mfukoni mwako. Hakusubiri mashine nyingine, alibadilisha mpangilio. Kabla hujakopa hela ya kununua RAM, hebu angalia kwanza umepangaje orodha yako.