Jinnah na Lugha Iliyokata Nchi

Pakistan ilizaliwa ndani ya Ramadhan, kumi la mwisho, Agosti 1947. Aliyeipigania zaidi ni Muhammad Ali Jinnah, wakili mzaliwa wa Karachi (1876), mtoto wa mfanyabiashara. Kwao walisema Kigujarati, sheria akasomea London. Mwanzo alitaka Wahindu na Waislamu wa India wawe kitu kimoja. Baadaye akaona Waislamu watamezwa, na 1940 chama chake, Muslim League, kikadai nchi yao mbali.

Waliipata, lakini vipande viwili, India katikati, kama kilomita 1,600. Dini ndiyo iliyoviunga. Basi Machi 1948 Jinnah akaenda Dhaka, kule mashariki, akatangaza lugha ya taifa ni Kiurdu peke yake. Na wenyeji wa kule ni Wabengali, tena ndio zaidi ya nusu ya raia wote! Ajabu ni kwamba hotuba yenyewe aliitoa kwa Kiingereza, maana Kiurdu hakukijua vizuri. Hapo mzee aliteleza, mimi nasema wazi.

Alifariki Septemba mwaka huo huo. Tarehe 21 Februari 1952 polisi wakawapiga risasi wanafunzi wa Dhaka waliodai Kibengali. Mwaka 1971, baada ya vita vya miezi tisa, upande ule ukajitenga, ukawa Bangladesh.