Askofu Edward Steere na Watu wa Kazi Yake

Kila apitaye Mkunazini, katika mji wa Unguja, huona kanisa kubwa la mawe lililosimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Aliyelisimamia hata likajengwa ni Edward Steere. Sisi tulio waalimu na wasimamizi wa watu yafaa tumjue, maana hakuwa mtu wa kuamuru tu.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria kabla ya kuwa padre. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Kiswahili hakukijua, walakini hakuona haya kuwa mwanafunzi. Alikaa na wenyeji wa mji, wakubwa kwa wadogo, akiwauliza maneno na kuziandika hadithi zao. Hata mwaka 1870 alipotoa kitabu cha hadithi hizo, aliwataja waliomsaidia. Jambo hili mimi naliona kubwa. Ni wangapi kati yetu wapokeao sifa ya kazi iliyofanywa na wengine, wakanyamaza?

Kazi ya kupiga chapa aliijua kwa mikono yake mwenyewe, akawafundisha vijana waliotolewa utumwani.

Soko lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi. Mwaka wa pili akawekwa kuwa Askofu, lakini hakuwaachia mafundi shida ya ujenzi. Paa ndilo lililotia watu shaka: kuba refu la mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wengi walidhani litaanguka. Shauri lilikuwa lake, na kama lingeanguka, aibu ingalikuwa yake. Kwa hiyo alisimama pale pale penye kazi akiwaelekeza. Halikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi, mwaka 1879.

Tena husimuliwa kwamba alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadha juu chini, nazo zi vivyo hivyo hata leo. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi aliziacha. Zamani nilimkemea mwalimu kijana mbele ya watoto kwa kosa dogo la ubaoni, naye hakurudi tena shuleni. Kila nizionapo nguzo zile hunisuta.

Mwaka 1876 aliongoza kwa miguu kundi la watu waliokombolewa, kutoka pwani ya Lindi kwenda bara, akikusudia kufika karibu na kwa Mataka, mkuu wa Wayao. Walipofika Masasi wakaona nchi ni njema, wakapenda kukaa. Hapo ndipo mkubwa mwingine angaliudhika, akashika njia yake kwa kuwa ndiye aliyeipanga. Steere alikubali wakae. Akawapimia mahali pa nyumba na mashamba, kisha akarudi Unguja, kazi akawaachia wasaidizi wake.

Hata kuhusu daraja za kanisa hakuwafungia watu mlango. Mwaka 1879 alimweka John Swedi kuwa shemasi, aliyekuwa mmoja wa wavulana wa kwanza waliopokewa na misioni mwaka 1864, wakitoka utumwani.

Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile.